Chumvi ya Ng'ombe kwenye Dumu la Spiriti

Jambo lote liligharimu injini moja na mtamba mmoja mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Hiyo ndiyo hesabu ya baba, na hata ukimwamsha usingizini leo atakutajia hivyo hivyo. Hesabu yangu mimi ina kitu cha tatu, ambacho sijawahi kukitaja mbele ya mtu. Nimekipigia hesabu mara mbili, nikarudia, hakishuki bei.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Majuzi nilipeleka pikapu yangu kwa fundi hapa Mbulu, ile ninayobebea vitunguu saumu, kwa sababu ikipanda mlima na mzigo inaishiwa pumzi. Fundi mwenyewe ni kijana, ana simu mbili na ovaroli safi kuliko shuka zangu. Akafungua boneti, akasikiliza, akasema turbo ni nzima ila hewa inaingia kwenye injini ikiwa ya moto mno.

"Mama, una njia mbili," akaniambia. "Nikufungie intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, kubwa kuliko hii, au nikuwekee pampu ya kupulizia spiriti. Spiriti ni nusu ya bei."

Alikuwa akisema huku anafuta mikono kwa kitambaa alichokichovya kwenye spiriti, na harufu ile ikaniingia puani. Nikakaa juu ya tairi. Akadhani ni bei iliyonikalisha, akapunguza elfu ishirini kabla sijafungua mdomo. Ni punguzo pekee maishani mwangu ambalo sikulifurahia.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka jinsi lori moja lilivyoweza kuwa habari ya kata nzima. Baba alikuwa na lori dogo la turbo, alilinunua kwa ng'ombe kumi na mmoja, na tangu siku hiyo alilihesabu pamoja na mifugo. Asubuhi hakusema anaenda kuliwasha, alisema anaenda kuliamsha. Likigoma alilipigapiga ubavuni kwa kiganja na kulisemesha kwa Kiiraqw, lugha aliyowatengea mama, Mungu na ng'ombe wake. Mimi nilikulia humo, na sikuona sababu ya kudhani kwamba lori ni kitu tofauti na ng'ombe. Linakunywa, linapumua, linajichafua chini likisimama muda mrefu, na likizeeka linauzwa vipande vipande.

Kazi yake ilikuwa kupakia ngano na alizeti Basotu na kuzipandisha Mbulu. Likizo zote za shule nilisafiri nalo, kwa sababu nilihesabu magunia haraka kuliko mtu yeyote na sikukubali kuhesabu mara moja tu. Wapakiaji wa Basotu waliniita Karani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa nimeshamwaibisha mnunuzi mmoja mtu mzima kwa gunia moja alilolihesabu mara mbili. Baba alikisimulia kisa hicho kila alipokunywa chai na watu.

Lori likaanza kushindwa mlima. Baba akamwita fundi Tluway, mzee mfupi aliyezoea kulala chini ya magari kuliko kitandani kwake. Alitoka chini ya lori letu, akajipangusa, wakakaa na baba kwenye benchi. Mama alisimama mlangoni mwa jiko. Mimi nilikuwa nachambua maharage, maana yake nilikuwa nasikiliza.

"Mzee, pampu ya baiskeli ukiisukuma kwa nguvu, pale chini panakuwaje?"

"Panachoma."

"Basi, turbo ni pampu. Inabana hewa, hewa inachemka. Hewa ya moto ni nyepesi, haijazi kifua cha injini. Intakula ndiyo rejeta ya kuipoza hiyo hewa. Sasa hii yako ni ndogo kama kitabu cha nyimbo, na nusu imeziba kwa makapi ya ngano. Arusha ipo kubwa, imetoka kwenye lori la ajali."

"Bei?"

Fundi akataja. Baba akageuza macho zizini, akamtazama dume letu la kulimia, kisha akamtazama fundi kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

"Njia ya pili?"

"Ya pili ni ya kihuni, ila inafanya kazi. Unapulizia spiriti na maji kwenye mpira wa hewa, kama manyunyu. Inakauka humo humo, inapoza. Nesi akikupaka spiriti kabla ya sindano, mkono unakuwaje?"

"Wa baridi."

"Ndiyo hiyo. Nafunga pampu ndogo ya kuoshea kioo, nozeli moja ya shaba, na swichi hapo mbele yako. Naongeza na dizeli kidogo. Mlima utaupanda unaimba."

"Na spiriti ikiisha katikati ya mlima?" Mama aliuliza kutoka mlangoni.

Fundi akajikuna shingo. "Hapo, mama, ndipo intakula inapomshinda mwenzake. Yenyewe haiishi."

"Basi nunueni isiyoisha."

"Mama Neema," baba akasema, "isiyoisha inakula dume. Spiriti tunayo kwa Marselina."

Shangazi Marselina alikuwa mdogo wa baba, mjane, akiishi Tumati na watoto watatu na shamba la maharage. Zamani alikuwa akipika gongo, na watu walitoka mbali kuifuata. Kisha akaokoka. Alisimama mbele ya kanisa akasema ameacha, mtungi akaufukia nyuma ya nyumba, na akapewa nafasi kwenye kwaya, mstari wa mbele, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya kwanza na wengine wote waliifuata. Nilimpenda kuliko shangazi zangu wengine wawili, na hilo nalo nilikuwa nimelihesabu.

Tulimkuta anapepeta. Nikampa shikamoo, akanipa kigoda. Baba alieleza shida yake akizunguka zunguka kama mtu anayetafuta mlango.

"Kaka, mimi nimeacha," shangazi akasema. "Nilisimama mbele za watu nikasema nimeacha."

"Uliacha kuwapikia watu. Gari si mtu. Halina roho, halitampiga mke, halitalala mtaroni."

Shangazi akacheka hata ungo ukamtikisika. Kisha akauweka ungo chini. Baba alikuwa kaka yake mkubwa, ndiye aliyemzikia mume, na kule kwetu deni la namna hiyo halisemwi, linakaa tu pale katikati ya watu wawili kama mtu wa tatu.

"Nitapika kwa ajili ya gari tu," akasema mwishoni. "Hata tone moja lisiingie mdomoni mwa mtu. Likiingia, mimi ndiye nitakayekuwa nimesema uongo kanisani." Akanigeukia. "Umesikia, Neema? Wewe ndiye unayehesabu."

"Nimesikia, shangazi."

Kwa majuma kadhaa lori lilikuwa kama lililobadilishiwa damu. Tukifika chini ya mlima baba alibonyeza swichi, pampu ikalia nyuma yetu kama nyuki kwenye chupa, ikaja ile harufu tamu ya mahindi yaliyochacha, na lori likapanda. Baba alikuwa akiimba. Kuchanganya ilikuwa kazi yangu, kwa sababu fundi alisema vipimo viwe sawa: nusu spiriti, nusu maji ya mvua, yachujwe kwa kitambaa mara mbili. Tundu la nozeli, alisema, ni dogo kuliko jicho la sindano. Nilichuja mara tatu. Nilikuwa mwaminifu kwa majuma hayo yote, na nayataja hapa kwa sababu hayanisaidii kitu.

Siku ya mnada, Basotu, niliona saa. Ilikuwa ya mkononi, nyeusi, na chini ya namba ilikuwa na vitufe kumi na sita vya kupigia hesabu. Mwenye kibanda alitaja bei, nikaikata katikati, akacheka, tukavutana mpaka akaacha kucheka. Nilimshusha hadi mwisho wake. Nilijua kuwa ndio mwisho wake kweli kwa sababu aliirudisha saa kwenye kasha na kuanza kuhudumia mtu mwingine. Mfukoni sikuwa na hata robo ya hiyo bei.

Baba alikuwa kwenye mizani anagombana na watu wa ngano. Mimi nilikuwa nyuma ya lori na dumu la shangazi, nikijiandaa kuchanganya. Wapakiaji wawili wakaja wakakaa kivulini.

"Karani, tugawie basi."

"Si ya watu, ni ya gari."

"Na sisi tunabeba kuliko gari. Baba yako mwenyewe anatulipa kama punda, tunyweshe basi kama gari."

"Mna hela?"

Sikuamini kama ni mimi niliyeuliza. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshazoea biashara, ulitangulia bila mwenyewe. Nikatumia kifuniko cha chupa ya chai kuwa kipimo. Wakataka kipungue bei, nikakataa. Wakaenda wakaitana. Vilitoka vifuniko kumi na vinne kabla baba hajamaliza ugomvi wake, na dumu lilipobaki na kidogo tu chini nilikimbia kibandani nikarudi na saa imefungwa kwenye leso, ndani ya sketi.

Hapo ndipo nilipopata akili, ikiwa imechelewa. Nilijazia dumu kwa maji ya kisima cha pale mnadani. Kwa macho hayakuwa na tofauti. Lakini nilijua nimelipunja lori, na mlima ulikuwa mbele yetu, na magunia yalikuwa sitini na mawili. Chini ya kiti kulikuwa na kiroba cha chumvi ya Balangida, ile ya kijivu ya mabonge kutoka ziwani, ambayo baba aliwanunulia ng'ombe wa nyumbani. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu ng'ombe aliyelegea anailamba, kesho yake anapanda kilima akimtangulia mchungaji. Nikavunja bonge, nikalikoroga kwenye maji mpaka likayeyuka. Nikaonja. Nikaongeza bonge la pili, kwa sababu lori ni kubwa kuliko ng'ombe.

Msicheke sana. Niliona nimelitendea haki. Nilichukua nguvu ya aina moja, nikarudisha ya aina nyingine, na kwenye kichwa changu hesabu ilikuwa imefunga.

Tulipofika mlimani baba akabonyeza swichi. Pampu ikalia kama kawaida, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi. Harufu haikuja. Mimi tu ndiye niliyeisubiri. Katikati ya mlima lori likaanza kugonga kwa ndani kama mtu anayegonga mlango kwa nyundo, moshi mweupe ukafunika kioo, na likasimama. Kwetu ng'ombe akila majani mabichi kupita kiasi anavimbiwa, tumbo linajaa hewa, anakufa amesimama. Nilidhani ndilo lililotokea. Nilidhani nimelizidishia nguvu likavimbiwa. Nilikuwa mkubwa, tayari niko chuo, nilipomuuliza fundi mmoja kama swali la mtu mwingine, akaniambia kwamba chumvi iliganda kwenye tundu la nozeli, hakuna hata tone lililopita, na injini iliyokwisha kuongezewa dizeli ikachemka yenyewe.

Fundi Tluway alipoifungua, pistoni moja ilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba. Akanusa dumu.

"Mzee, haya ni maji. Nani alikuuzia?"

Baba aliinuka. Alilichukua dumu, akanishika mkono, tukaenda Tumati. Sijui kwa nini alinichukua. Labda kama karani wa ushahidi.

Ilikuwa Jumamosi mchana na kwaya ilikuwa inafanya mazoezi uani kwa shangazi. Wanawake wanane. Walikuwa wakiimba tulipoingia, na baba aliwakatisha katikati ya ubeti.

"Marselina! Gongo yako umeitia maji! Umeniulia gari!"

Wanawake wale hawakujua kwamba mtungi ulifukuliwa. Walijua kwa sentensi hiyo moja. Niliona mmoja wao anafunga daftari la nyimbo polepole, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba ya jirani ili asionekane.

"Kaka, taratibu," shangazi akasema. "Sikutia kitu."

"Sasa nani? Huyu?" Baba akanisukuma mbele. "Huyu anachuja mara tatu! Ingekuwa ni huyu ningemtoa shule kesho hii hii akachunge, asiguse tena kitabu. Sema, ni nani?"

Shangazi akaomba dumu. Akamimina kidogo kiganjani, akalamba. Ulimi wake ukasimama. Akalamba tena. Kisha akanitazama, na mimi nikatazama kuku. Walikuwa saba. Nikawahesabu tena, saba.

Nilisubiri aseme. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema mwenyewe, ungetosha kuhesabu kuku mia. Sikusema.

"Ni mimi, kaka," shangazi akasema. "Nilitia maji. Nisamehe."

Baba aliondoka na mtamba mwekundu wa shangazi siku ile ile kama fidia, na haikutosha hata robo ya injini. Lori liliuzwa vipande. Mtamba alizaa kwetu, na maziwa yake nilikunywa. Kanisani shangazi alitengwa, yaani alikaa miezi bila kushiriki meza ya Bwana, akikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Walipomrudishia ushirika wakamwita arudi na kwenye kwaya, akasema sauti imekauka. Nyumbani kwake alikuwa haimbi tena hata akipepeta. Hicho ndicho kitu cha tatu.

Saa niliifukia kwenye mahindi ya ghalani. Sikuweza kuivaa mbele ya mtu yeyote. Niliitoa baada ya mwaka, ilikuwa imesimama, nikamuuzia mwenzangu wa darasani kwa hasara. Nilikwenda sekondari, nikaendelea. Na kila tulipokusanyika kama ukoo, shangazi akileta chai, baba alikuwa anainua kikombe juu na kusema, "Angalieni, isije ikawa imetiwa maji." Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Ninazikumbuka mara nne, lakini nina hakika zilikuwa zaidi.

Yule fundi kijana nilimwambia afunge intakula, nikamlipa bei yake ya kwanza, akaniangalia kama mgonjwa. Kesho yake nikaenda Tumati. Nilikuwa nimepiga hesabu ya mtamba mmoja kwa miaka yote hii, na ndama wake, na ndama wa ndama, nikatoa waliokufa kwa ukame kwa sababu sipendi kulipa hewa. Fedha ilikuwa nene, nikaifunga ndani ya kitenge kipya. Shangazi sasa anatembea kwa fimbo. Nikampa shikamoo, nikaweka kitenge magotini pake, nikasema yote, tangu saa mpaka bonge la pili.

Hakushangaa.

"Chumvi ya Balangida nisiijue?" akasema. "Nimechunga kabla sijaota meno ya pili."

"Kwa nini hukusema, shangazi?"

"Ulikuwa unahesabu kuku wangu. Nikasema moyoni, mtoto anayehesabu hata akiwa anatetemeka, huyu asipelekwe machungani."

Nikalia, mtu mzima, mwenye pikapu. Yeye akafungua kitenge, akaona fedha, akaifunga tena vizuri kuliko nilivyoifunga mimi, akanirudishia.

"Mtamba alikuwa mali, mali huenda," akasema. "Wewe kamwambie baba yako. Kamwambie nikiwa bado nasikia."

Niliahidi. Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Baba ana moyo mbaya, daktari alituambia asipewe habari nzito, na mama aliyekuwa akijua kumtuliza tulishamzika. Nikimwambia peke yake chumbani, namjua, atanyamaza, na kwa fahari yake atakufa nalo, na watu watabaki na hadithi ile ile ya dada aliyemwibia kaka yake. Nikisimama mbele ya ukoo, pale pale kwenye chai, nitamfanyia mzee wa miaka themanini kile alichomfanyia mdogo wake uani, na sijui kama moyo wake utamaliza kikombe.

Jumapili ijayo mjukuu wa baba anapata kipaimara, wote watakuwapo, na shangazi ameshasema atakuja. Ingekuwa bidhaa ningejua pa kuanzia bei, hapa sijui. Ninyi wenye wazazi wazee na makosa ya zamani, nishaurini kabla ya Jumapili: nianze na baba peke yake, au nisimame?